Majani huku chini yanaoza chap, kule juu Rwenzori yanarundikana, kwa nini?

mche_kasese:
Habari zenu wakubwa. Mimi naotesha miche huku Kasese, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, sasa kuna kitu kinanichanganya. Misitu ya huku chini ukifukua majani kidogo tu ushakuta udongo, lakini ukipanda Rwenzori kule Bigo mguu unazama kwenye tope jeusi la majani ya miaka na miaka. Na maji kule ndo yamejaa, si maji ndo yanaozesha? Afu mbona lundo langu la majani nyumbani mwezi wa saba linagoma kabisa na jua ndo kali?

jey_fotipoto:
Baridi hiyo mzee. Wanaoozesha ni bakteria na kuvu, joto likishuka kwa nyuzi 10 spidi yao inapungua karibu nusu. Kila mita 1000 unazopanda joto linashuka nyuzi kama 6, Kasese mjini uko kwenye mita 900 na kitu, Bigo ni kama 3400, piga hesabu, kazi inabaki kama theluthi hivi.

mama_kitalu:
Baridi sawa lakini si hiyo tu. Bigo ni kinamasi, maji yakijaa kwenye udongo hewa inakosa pa kupita, bila oksijeni kuoza kunakwenda polepole mno. Kwa hiyo maji yakizidi shida, yakikosekana shida, na hapo ndo lundo lako la mwezi wa saba lilipo ndugu yangu. Huku kwetu joto halibadiliki sana mwaka mzima, msimu maana yake mvua. Ufini ndo wanasubiri baridi iishe majani yaanze kuoza, sisi tunasubiri mawingu. Na ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiichezee, kuna mtafiti H. F. Birch alikuwa Muguga pale Kenya, mwaka 1958 akaandika kwamba udongo uliokauka ukilowa vijidudu vinaamka kwa fujo na naitrojeni inaachiwa kwa wingi siku za mwanzo, mvua zikiendelea inasombwa. Miche iwe tayari kabla, sio unaanza kutafuta jembe inanyesha.

opio_wa_msitu:
Mchwa mmewasahau kabisa 😂 huku chini wanabeba majani na vijiti usiku kucha, kule juu kwenye baridi huwaoni. Na majani yenyewe ni ya mti gani? Paini na mikaratusi hata mvua inyeshe yanachelewa tu.

mche_kasese:
Mengi ya mkaratusi ssebo 🙈

mama_kitalu:
Haya, changanya na majani mabichi laini na samadi, mwagia maji mpaka ukikamua kiganjani litoke tone moja mawili, funika na majani ya ndizi, geuza kila wiki. Na udongo wa hifadhini usiubebe, hairuhusiwi.