Filamu za kale za kutisha za Marekani: giza lake ni ustadi au ni ukata?

Mdadisi aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimeanza kuzitazama filamu za kutisha na za sayansi ya kubuni zilizotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960, zile za rangi nyeusi na nyeupe, na kuna jambo ambalo maelezo ya kawaida hayajanitosheleza. Wapenzi wa filamu hizi husema kwamba kukosekana kwa rangi ndiko kunakozipa nguvu, kwamba kivuli kinatisha kuliko damu nyekundu, na kwamba zingepigwa kwa rangi zingepoteza haiba yake. Mimi nashuku kuwa hiyo ni sifa iliyobuniwa baadaye. Naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba waongozaji wale walitumia walichokuwa nacho, na wangepewa rangi wangeipokea kwa mikono miwili.

Nimeitazama *Dracula* ya mwaka 1931 hadi mwisho. Dakika za mwanzo, kule kwenye ngome, zilinivuta sana. Baada ya hapo watu wanakaa sebuleni wakizungumza, muziki hausikiki, na popo akitokea dirishani unajua kabisa kuwa anachezeshwa kwa uzi. Kwa upande mwingine *Them!* ya mwaka 1954, inayohusu sisimizi wenye ukubwa wa gari, ilinishika tangu mwanzo, ingawa sikuona ndani yake huo ustadi wa vivuli unaosifiwa. Naomba wenye ujuzi wanieleze kama nyeusi na nyeupe ilikuwa hiari au lazima. Na kama kweli upo ustadi, nianzie filamu ipi ili niuone?

Fundi Taa alijibu:

Ndugu Mdadisi, shaka yako ina msingi, ila inaishia nusu ya njia. Rangi ilikuwepo. Mwaka 1925 filamu bubu ya *The Phantom of the Opera* ilikuwa na onyesho la dansi ya vinyago lililopigwa kwa rangi, na miaka michache baadaye studio ya Warner Bros. ilitoa filamu mbili za kutisha, *Doctor X* ya 1932 na *Mystery of the Wax Museum* ya 1933, zote zikiongozwa na Michael Curtiz na zote zikitumia mfumo wa Technicolor wa rangi mbili. Kilichoizuia njia hiyo isifuatwe na wengine ni gharama. Kamera hazikuuzwa, zilikodishwa na kampuni ya Technicolor pamoja na wataalamu wake, na kwa kuwa mwanga uliopita kwenye lenzi uligawanywa kabla ya kufika kwenye mkanda, taa nyingi na kali zilihitajika. Studio ya Universal, iliyotupatia *Dracula*, *Frankenstein* na nyingine nyingi, haikuwa na fedha za kuchezea. Kwa maana hiyo ilikuwa lazima, na hapo nakubaliana nawe.

Lakini watu waliolazimika kufanya kazi bila rangi waligundua mambo ambayo kwa rangi yasingewezekana. Tazama *Dr. Jekyll and Mr. Hyde* ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian. Mwigizaji Fredric March anaanza kugeuka kutoka Daktari Jekyll kuwa Hyde mwovu mbele ya macho yetu bila picha kukatwa, mashimo yanaingia mashavuni na kivuli kinatanda chini ya macho, na watazamaji wa wakati ule hawakujua hilo limefanyikaje. Siri ni kwamba uso wake ulikuwa umepakwa vipodozi vyekundu tangu mwanzo. Lenzi ilipokuwa na kichujio chekundu mbele yake, vipodozi hivyo havikuonekana kwenye mkanda. Kichujio kilipobadilishwa taratibu, ile mistari iliyofichika ikajitokeza ikiwa myeusi. Mpiga picha, Karl Struss, alikuwa ameshaitumia mbinu hiyo katika *Ben-Hur* ya mwaka 1925 kuwaponya wenye ukoma, akiuendesha mchezo kinyume. Katika filamu ya rangi mtazamaji angeona uso mwekundu na mwanga unaobadilika, basi.

Hali ni hiyo hiyo kwa sura ya Boris Karloff, aliyeigiza zimwi katika *Frankenstein*. Mtaalamu wa vipodozi, Jack Pierce, alimpaka rangi ya kijivu yenye ukijani kwa sababu kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe ilitoa weupe wa maiti. Ajabu ni kwamba watengeneza mabango na vinyago wa baadaye wamemfanya kijani kibichi, na sasa dunia nzima inaamini kwamba zimwi lile ni la kijani.

Kivuli cha Ukutani alijibu:

Ningekushauri uanze na *Cat People* ya mwaka 1942, kwa sababu humo ukata na ustadi haviachani. Studio ya RKO ilimpa mtayarishaji Val Lewton kitengo cha filamu za kutisha za bei ndogo, na utaratibu ulikuwa kwamba wakubwa wanachagua jina la filamu kwanza, kisha yeye anatafuta hadithi ya kuliendea. Bajeti ya hii haikufika dola 150,000. Ngazi kubwa ya jengo analoishi mhusika mkuu haikujengwa kwa ajili yake. Ilikuwa imebaki kutoka filamu ya Orson Welles, *The Magnificent Ambersons*. Kuhusu mnyama wa kutisha, fedha za kumtengeneza hazikuwepo, na nadhani hata zingekuwepo Lewton na mwongozaji wake, Jacques Tourneur, wasingezitaka.

Hadithi ni ya Irena, mwanamke mchoraji kutoka Serbia anayeishi New York, ambaye anaamini kwamba akishikwa na mapenzi au wivu atageuka chui. Mumewe anafanya kazi pamoja na Alice, na wivu unaanza. Usiku mmoja Alice anatembea kando ya ukuta wa bustani, Irena nyuma yake. Tunasikia viatu vya wanawake wawili vikigonga lami, kisha picha inapita kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine, mwanga, giza, mwanga, giza, na ghafla tunatambua kwamba sasa ni viatu vya mtu mmoja tu vinavyosikika. Hakuna muziki. Alice anaongeza mwendo, anageuka nyuma, haoni kitu. Ndipo mngurumo unapasuka kutoka pembeni, na mtazamaji anaruka kitini kabla ya kugundua kwamba ni basi linalosimama. Mhariri wa filamu hiyo, Mark Robson, na Lewton waliurudia ujanja huo katika filamu zao zilizofuata, na hadi leo watu wa sinema wanaouiga huuita basi la Lewton.

Sasa jiulize nyeusi na nyeupe ilifanya kazi gani pale. Kwa rangi, ukuta ungekuwa wa mawe ya kahawia, majani yangekuwa kijani, koti la Alice lingekuwa na rangi yake, na jicho lingekuwa na mengi ya kushughulikia. Mpiga picha Nicholas Musuraca ameliachia jicho kazi moja tu, yaani kutenganisha palipo na mwanga na pasipo na mwanga, na kwa kuwa mnyama hajaonekana popote, kila doa jeusi linakuwa mshukiwa. Baadaye Alice anaogelea peke yake katika bwawa la ndani ya jengo, mawimbi ya mwanga yakicheza ukutani na darini, na sitasema zaidi.

Ukimaliza hiyo, tafuta *I Walked with a Zombie* ya mwaka 1943, ya watu wale wale isipokuwa mpiga picha. Jina lake ni la aibu, nakiri, lakini safari ya usiku katikati ya mashamba ya miwa iliyomo ndani yake sijaona inayoishinda.

Msema Kweli alijibu:

Naheshimu maelezo ya wenzangu, hata hivyo naona sifa ya kivuli imezidi kipimo, na mfano wa *Them!* alioutaja muuliza swali haujajibiwa. Filamu za sayansi ya kubuni za miaka ya 1950 hazikurithi giza la Universal wala la Lewton kwa kiasi ambacho watu hudai. Nyingi zina mwanga wa kawaida kabisa, jangwa la mchana, ofisi za jeshi, watu wenye suti wakisoma ripoti, na hapo ndipo penye nguvu yake. Watu wa wakati ule walizoea kuona habari za dunia katika sinema fupi za matukio na katika televisheni, na habari hizo kwa kawaida zilikuwa za nyeusi na nyeupe. Rangi ilikuwa ya filamu za muziki na za kifahari. Filamu iliyopigwa bila rangi ilifanana na habari, na uongo unaofanana na habari unaaminika upesi.

*The Day the Earth Stood Still* ya mwaka 1951 inajua hilo vizuri. Chombo kutoka anga za mbali kinatua Washington, na wanaotangaza tukio hilo ni watangazaji halisi waliofahamika nchini, akiwemo Drew Pearson, wakijiigiza wenyewe. Robert Wise, aliyeiongoza, aliwahi kuwa mhariri wa picha, na anaikata filamu kwa kasi ya taarifa. Katika *The Thing from Another World* ya mwaka huo huo, onyesho bora kwangu halina kivuli hata kidogo: wanaume wanasimama juu ya barafu wakinyoosha mikono ili kufuata umbo la kitu kilichozama chini yao, na wanapotazamana wanaona wamefanya duara kamili, umbo la chombo cha anga.

Hofu nayo haikuwa ya kubuni. Muungano wa Kisovyeti ulilipua bomu lake la kwanza la atomiki mwaka 1949, na Marekani ikajaribu bomu la haidrojeni mwaka 1952. Sisimizi wa *Them!* wanatokana na mionzi ya jaribio la kwanza la atomiki lililofanyika New Mexico mwaka 1945, na filamu inachunguza jambo hilo hatua kwa hatua kama jalada la polisi, kuanzia mtoto anayetembea jangwani bila kusema neno hadi mifereji ya maji ya mvua ya Los Angeles. (Fundi Taa atasema mifereji ile ina giza. Ni kweli, lakini ni giza la mahali, si la mapambo.) *The War of the Worlds* ya mwaka 1953 ilipata rangi na fedha, na inapendeza macho, ila sikuwahi kuiogopa.

Ipo pia *Invasion of the Body Snatchers* ya mwaka 1956, ambamo watu wa mji mdogo wanabadilishwa mmoja mmoja na nakala zisizo na hisia. Wengine wanaisoma kama onyo dhidi ya ukomunisti, wengine kama onyo dhidi ya msako wa wakomunisti ulioongozwa na Seneta Joseph McCarthy, na kwa bahati tu mwigizaji mkuu anaitwa Kevin McCarthy. Mwongozaji, Don Siegel, alitaka filamu imalizikie barabarani, shujaa akiyapigia kelele magari yasiyosimama. Studio ikaogopa na kuongeza mwanzo na mwisho wa hospitalini unaotoa matumaini. Ukiitazama, dakika zile za nyongeza utazitambua bila kuambiwa.

Msomaji Mkimya alijibu:

Kwa ufupi kuhusu *Dracula*. Sinema ya sauti ilikuwa na umri wa miaka michache tu, na desturi ya kutandika muziki chini ya mazungumzo ilikuwa haijaota mizizi. Baada ya muziki wa Tchaikovsky unaofungua filamu, kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maneno na ukimya. Kule sebuleni kulikokuchosha kunatokana na tamthilia ya jukwaani ambayo filamu iliifuata, na ambayo Bela Lugosi mwenyewe, aliyekuwa Dracula katika filamu, alikuwa ameshaiigiza Broadway, kwenye kumbi za tamthilia za New York, mwaka 1927. Ipo njia nyingine ya kulipima hilo. Usiku, waigizaji wa Kiingereza wakishaondoka, kundi la pili liliingia studio ile ile na kupiga filamu hiyo kwa Kihispania, likiongozwa na George Melford. Ni ndefu kwa karibu nusu saa, kamera yake inatembea zaidi, na kwa maoni yangu imepigwa vizuri kuliko ya kwanza, isipokuwa haina Lugosi, na pengo hilo halizibiki.

Mdadisi aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Hoja ya filamu kufanana na habari imenigusa hasa, kwa kuwa inaeleza nilichokihisi katika *Them!*. Swali la mwisho ni la kiutendaji. Nakala ya *Dracula* niliyoiona ilipatikana bure mtandaoni, na weusi wake wote ulikuwa wa kijivu, tena watu walionekana wafupi na wanene. Je, ndivyo filamu ilivyo?

Fundi Taa alijibu:

Hapana, sivyo ilivyo, na pengine nusu ya shaka yako imetoka kwenye nakala hiyo. Filamu za wakati wa *Dracula* zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, takriban nne kwa tatu; skrini ya leo ikizivuta ili ijae, watu wote wananenepa. Acha nafasi nyeusi pande zote mbili zibaki. Zima pia mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo.

Kuhusu uhalali, *Dracula* bado ina hakimiliki nchini Marekani hadi mwisho wa mwaka 2026, kwa hiyo nakala ya bure kwa kawaida imenakiliwa kutoka nakala nyingine na weusi wake umekwisha njiani. *Night of the Living Dead* ya George Romero, ya mwaka 1968, ni tofauti. Msambazaji alipolibadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki liliachwa nje, na kwa sheria ya wakati ule hilo lilitosha kuifanya mali ya umma siku ilipotoka. Kwa miaka mingi kila mtu aliinakili apendavyo, nyingine zikiwa mbovu kiasi kwamba nyuso hazitambuliki. Mwaka 2016 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York na taasisi ya The Film Foundation walikamilisha ukarabati wake kutoka kwenye negativu halisi, yaani mkanda wenyewe uliopigwa ndani ya kamera. Itafute hiyo, uilinganishe na mojawapo ya nakala za bure, dakika kumi za kila moja zinatosha, ndipo uiendee *Dracula* upya katika nakala iliyotolewa na Universal yenyewe.