Kunyoosha bonde dogo kwenye bati la mlango wa gari

Ndugu zangu, salaam.

Dada yetu aliyeuliza kama ni kweli kwamba maji yanayochemka hurudisha bati la mlango lililobonyea anastahili jibu la wazi: hayarudishi. Maji ya moto huifaa bampa, kwa kuwa bampa nyingi za siku hizi ni za plastiki inayolainika kwa joto, lakini milango, bonneti na fenda kwa kawaida ni bati la chuma lisilofikia unene wa milimita 1, na chuma hakilainiki kwa nyuzi 100. Ile njia nyingine ya kupasha bati kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha kulipulizia baridi kali kutoka kwenye kopo la hewa ya kupulizia vumbi lililopinduliwa, mara chache hurudisha bonde pana lisilo na kina. Mara nyingi huacha bonde lilelile na rangi iliyodhoofishwa na baridi ya ghafla. Mimi siipendekezi.

Linalotangulia yote ni kuitazama rangi. Osha sehemu hiyo, ikaushe, kisha pitisha ukucha taratibu juu ya bonde ukianzia nje kuelekea katikati. Ukucha usipokwama popote, rangi ni nzima, na kazi yako yote itakuwa kulirudisha bati mahali pake bila kuigusa rangi hiyo. Ukikwama kwenye ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, maji yatapita hapo na kutu itaanza chini kwa chini, kwa hiyo kunyoosha peke yake hakutatosha.

Yafaa kuelewa kwa nini bati hubaki limebonyea, kwa sababu makosa mengi hutokana na kutolijua hili. Bati linapogongwa, sehemu ya katikati huingia ndani, na sehemu inayoizunguka huinuka kidogo kama kingo za kisima. Ukingo huo ndio unaolifunga bonde lisirudi. Mtu anayesukuma katikati kwa nguvu zake zote huku ukingo ukiwa bado umeinuka hulivuta bati likatanuka, na bati lililotanuka halina tena pa kujificha: hutokeza kipele upande wa nje. Nalisema hili kwa uchungu, kwani mlango wangu wa nyuma ulipogongwa na mlango wa gari lililoegeshwa kando, nilisukuma bonde lisilozidi upana wa sarafu kwa mpini wa bisibisi niliouzungushia kitambaa, katikati, mara tatu. Mara ya tatu nilisikia mlio mdogo, na nilipozunguka nje nikakuta bonde limegeuka duara lenye kipele kikali katikati, kinachoonekana kwa mbali kuliko bonde lenyewe. Fundi wa bodi aliyenisaidia alitumia saa mbili kukishusha kile kipele kwa kukigonga kidogo kidogo, kisha dakika 20 tu kwa bonde lililobaki.

Nilichojifunza kwake zaidi ya yote ni kutazama. Aliweka taa ndefu ya mrija pembeni ya mlango, naye hakulitazama bati hata mara moja. Alitazama taswira ya taa inayoonekana ndani ya rangi, kama kwenye kioo. Mstari ule wa mwanga ulikuwa umenyooka, ukifika bondeni unajikunja na kubanana, halafu unanyooka tena. Kila aliposukuma kwa ncha ya chuma chake, mstari ulisogea kidogo sana, naye akajua hasa ncha iko wapi upande wa nyuma asikokuona. Asiye na taa ya namna hiyo anaweza kuchora mistari myeusi iliyonyooka kwenye kadibodi nyeupe na kuisimamisha karibu na mlango. Mistari itaonekana ndani ya rangi na kufanya kazi ileile.

Kwa njia ya kusukuma kutoka nyuma, pandisha kioo mpaka juu kabla ya kufungua chochote, ili kisiwe ndani ya mlango unapoingiza chuma, na baada ya hapo ndipo uchomoe waya wa betri na kusubiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kusubiri huku si mapambo: baadhi ya milango ina sensa za mifuko ya hewa ya usalama, na sensa hizo hazipaswi kuguswa wala kugongwa. Ukishatoa pambo la ndani, yaani kifuniko cha mlango upande wa abiria, utakuta karatasi ya plastiki inayozuia maji; ibandue kwa uangalifu, kwa sababu ikirudishwa vibaya mvua itaingia mpaka kwenye zulia. Sukuma kwa chuma chenye ncha butu iliyofungwa utepe, ukianzia pembeni mwa bonde na kuzunguka kuelekea katikati, kila msukumo uwe mdogo kiasi kwamba unatia shaka kama umefanya kitu. Ukingo ukionekana umeinuka, ugonge taratibu kutoka nje kwa kijiti cha plastiki ngumu. Rangi yenye baridi hupasuka upesi, kwa hiyo fanya kazi hii bati likiwa na uvuguvugu.

Asiyetaka kufungua mlango anaweza kuvuta kwa gundi ya moto na vile vishikio vya plastiki vinavyouzwa pamoja na kifaa chake cha kuvutia. Futa mafuta kwa spiriti, bandika kishikio, acha gundi ipoe, vuta, kisha ulainishe gundi kwa spiriti hiyohiyo badala ya kuikwangua. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa: bati lililowahi kupakwa rangi upya linaweza kuachia rangi pamoja na gundi. Jaribu kwanza kwa sumaku ndogo. Ikishika kwa nguvu kwingine kote na kulegea mahali hapo, chini yake huenda kuna puti (uji mzito wa kujazia bonde, ambao huganda ukawa mgumu) ya matengenezo ya zamani. Isiposhika popote, basi huenda bati ni la alumini, ambalo ni gumu zaidi kulirudisha, na hilo ningempelekea fundi, kama ambavyo ningempelekea bonde lenye mkunjo mkali au lililokaa juu ya mstari wa umbo la mlango.

Wenye magari ya kukodi wasiguse kitu kabla ya kusoma mkataba wao.

Swali la dada: Kaka yangu, asante sana. Nimepitisha ukucha kama ulivyoelekeza, nao umekwama: kuna ufa, na rangi imebanduka sehemu ndogo kama ukucha wenyewe. Je, nipake puti tu nimalize?

Jibu langu: Dada yangu, puti isiwe ya kwanza. Rudisha bati kadiri linavyokubali, kwa sababu puti ni ya kusawazisha kilichobaki, na ikizidi milimita chache unene wake hupasuka au kubanduka. Piga msasa namba 80 mpaka bati ling'ae na pasibaki doa la kutu, futa kwa spiriti, kisha upake praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayokinga chuma, kwani puti hunyonya unyevu na haifai kuwa kinga ya chuma. Praima ikikauka ikwaruze kidogo ili puti ipate pa kushikilia. Changanya puti na dawa yake ya kugandisha kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa kawaida karibu asilimia 2 ya uzito; ukizidisha kwa haraka ya kumaliza, rangi ya dawa hiyo inaweza kujitokeza baadaye juu ya rangi ya gari. Una dakika chache tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kidogo. Isawazishe kwa msasa uliozungushiwa kibao, namba 80, halafu 180, halafu 320, ukiyafumba macho na kupitisha kiganja, maana kiganja huhisi wimbi ambalo jicho halilioni.

Namba ya rangi utaipata kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango au chini ya bonneti. Ninalokusihi ni kuhusu vanishi ya mwisho, ile safu angavu inayopakwa juu ya rangi. Makopo ya kupuliza yenye dawa ya kugandisha ndani hutoa vanishi ngumu na nzuri, lakini mengi yana isosianeti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haiizuii hata kidogo. Usiipulize kwenye gereji iliyofungwa wala karibu na watoto. Chukua vanishi isiyo na dawa hiyo, ingawa ni laini zaidi na petroli huiharibu, au mwachie fundi hatua hiyo moja peke yake. Rangi mpya isipakwe nta mapema; ipe mwezi mmoja hivi ipumue.