Insha ya shindano kuhusu Kiswahili cha Kwanzaa: je, kuorodhesha makosa kunatosha?

Mwanagenzi:
Ndugu zangu, nasoma shahada ya kwanza katika chuo kimoja nchini Marekani, na idara yetu ya taaluma za Afrika na diaspora yake imetangaza shindano la insha kwa wanafunzi. Mada ni huru na maneno yasizidi 2,500, ila hoja iwe ya mwandishi mwenyewe. Nimechagua Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi iliyoasisiwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, ambayo huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, siku saba zenye nguzo saba, kila moja na siku yake. Nilipoalikwa kwa mara ya kwanza, mwenyeji aliniuliza "Habari gani?", nami kwa mazoea nikajibu "Nzuri", ukumbi mzima ukacheka, kwani jibu lililotakiwa lilikuwa "Umoja", nguzo ya siku ile. Mezani palikuwa na mkeka, kinara chenye mshumaa mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu na mitatu ya kijani pembeni, pamoja na mahindi ambayo wote waliyaita "muhindi", jina ambalo mimi nalijua kuwa la mmea ungali shambani.

Rasimu yangu inaorodhesha kasoro za namna hiyo: "Kwanzaa" yenye a mbili mwishoni, "kujichagulia" mahali ambapo ningetarajia "kujiamulia", na "kuumba" badala ya "ubunifu". Nimeeleza pia kwamba nguzo ya ujamaa ilichukuliwa kutoka Azimio la Arusha. Naomba maoni kabla sijaiwasilisha.

Msomaji wa Rasimu:
Ndugu Mwanagenzi, anza kwa kufuta sentensi ya Azimio la Arusha, maana jaji yeyote mwenye kalenda ataiangusha. Azimio lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, wakati Kwanzaa ya kwanza ilikuwa imekwisha tangu tarehe 1 Januari mwaka huohuo. Ukitaka kumtaja Mwalimu Nyerere, rudi kwenye andiko lake la mwaka 1962 kuhusu ujamaa, na hata hapo useme tu kwamba neno lilikuwa limekwisha kupata sura ya kisiasa, bila kudai nani alimnakili nani.

Ila usilitupe Azimio lenyewe, kwa sababu ndipo penye insha yako. Karenga anaifafanua nguzo ya ujamaa kuwa ni kujenga na kudumisha maduka na biashara zetu wenyewe, na kufaidika nazo kwa pamoja. Azimio la Arusha, kwa upande wake, liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na likamkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, au kumiliki nyumba ya kupangisha. Neno ni moja, na limetamkwa pande zote mbili za bahari ndani ya wiki chache. Huku linamhimiza mtu afungue duka, kule linamwambia kiongozi aachane na nyumba yake ya kupangisha. Ukiweza kueleza kwa nini, orodha ya makosa hutaihitaji tena.

Bibi Kamusi:
Nakubaliana na hayo, lakini sipendi lugha iachwe kando kana kwamba ni jambo dogo. Ninachokataa, mwanangu, ni kuyaita makosa mambo ambayo yalikusudiwa. Jina lilitokana na "matunda ya kwanza", na a ya mwisho iliongezwa ili herufi zifike saba. Kadhalika "kujichagulia" ni Kiswahili halali kabisa. Isome pamoja na maelezo yake, yanayotaja kujitambulisha wenyewe na kujipa majina wenyewe, kisha ukumbuke kwamba inasemwa na wazao wa watu waliopewa majina na mabwana waliowamiliki. Kwao kuchagua ni jambo zito, na "kujiamulia" kwako kusingelibeba lile la majina.

Swali gumu zaidi, ambalo rasimu yako imelikwepa, ni kwa nini kilichukuliwa Kiswahili ilhali wengi mno wa mababu zao walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati upande wa Atlantiki. Wapinzani wa sikukuu hii hulirudia jambo hilo kila mwaka. Waliokichagua walitaka lugha isiyohesabiwa kuwa ya kabila moja, na Kiswahili kikaingia madarasani katika vyuo kadhaa vya Marekani katika miaka ileile ambayo wanafunzi walikuwa wakidai taaluma hizi zianzishwe, kama walivyofanya wa chuo cha San Francisco State katika mgomo ulioanza Novemba 1968 na kumalizika Machi 1969. Kwa hiyo unawaandikia majaji juu ya asili ya idara yao wenyewe. Usiwaandikie kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Msomaji wa Rasimu:
Bibi amenikumbusha "ujima", ambao Mwanagenzi hakuugusa kabisa. Sisi tuliosoma historia katika shule za Tanzania tuliukuta ujima ukiwa mfumo wa kwanza wa jamii, kabla ya utumwa, ukabaila na ubepari, yaani jambo ambalo binadamu alikwisha kulipita. Katika Kwanzaa ni kazi na wajibu wa pamoja, na ni wa leo na kesho.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana, na Bibi nimekuelewa. Sentensi ya Azimio nimeifuta, na orodha imebaki na neno moja tu, "muhindi", ambalo nitalitumia katika aya ya kwanza pamoja na kicheko cha ukumbini, nikiwa mimi ndiye niliyechekwa. Baada ya hapo nitaanza na ujima, kisha ujamaa, na kujichagulia nitakuweka mwisho. Nitaileta rasimu mpya hapa kabla ya kuiwasilisha.