Mradi wa mwaka wa mwisho: alama ni za taa kuwaka, kubuni mfumo hakuna anayejali

Wadau, nina hasira. Admin, tafadhali usiufute uzi huu.

Tunasomea umeme katika chuo kimoja hapa Kisumu (jina sitaji, cheti bado nakihitaji). Mada tuliyopewa ni kubuni na kuunganisha mfumo wa kiwandani unaojiendesha. Tukachagua kitu cha kwetu. Kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Kabras ni miwa tu, na juisi ikitoka kwenye vinu huwa na asidi. Lazima itiwe chokaa hadi pH (kipimo cha asidi) ikaribie 7, la sivyo ikichemshwa sukari inavunjika na kupotea. Tukaunda tenki dogo lenye sensa (kihisi) ya pH, sensa ya kina cha juisi, pampu ya chokaa na PLC, yaani kompyuta ya kuendeshea mitambo, ya kuviamuru vyote.

PLC chuo kinazo. Zimefungiwa maabara, na kufuli hutoka wageni wakija kupiga picha! Tukachanga, tukanunua iliyotumika.

Siku ya kutetea miradi, kundi lililotutangulia lilileta tenki la maji linalojizima likijaa. Tenki lile lile la kila mwaka, jamani. Chuo kizima kinajua hununuliwa tayari huko Luthuli, Nairobi, pamoja na ripoti yake. Msemaji wao aliulizwa rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iko wapi akaonyesha transfoma. Taa ikawaka, makofi, alama.

Zamu yetu tukaeleza kwa nini saketi ya swichi ya dharura inapitisha umeme muda wote mashine ikiwa kazini, na ukiibonyeza ndipo inakatika. Maana yake, hata panya akitafuna waya, mashine inasimama yenyewe. Ukiiunganisha kinyume, waya ukikatika hutajua mpaka siku mkono wa mtu umenaswa na swichi haifanyi kitu. Tukaeleza pia kwa nini sensa zetu zinatuma vipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20, wala hazianzii 0. Tenki likiwa tupu unasoma 4. Ukisoma 0 ujue waya umekatika. Hapo ndipo ulipo ubunifu wenyewe, hayo mengine ni kuchomeka waya tu.

Mtahini akauliza, "Mbona haionekani kwenye simu?"

Sawa. Tukachomoa waya wa swichi ya dharura mbele yake ajionee. Pampu ikasimama papo hapo, kama tulivyokusudia. Akaandika kwenye fomu: "Mradi ulikwama wakati wa maonyesho."

Ulikwama! Mtu huyo ndiye anayewapitisha mafundi watakaoingia viwandani mwaka ujao.

Sasa nauliza walio Nakuru, Kakamega na Eldoret: kwenu fomu ya alama ina sehemu ya usalama na michoro ya waya, au ni maonyesho tu? Na aliyewahi kukata rufaa ya mradi aniambie alianzia kwa mkuu wa idara au kwa ofisi ya mitihani. Video ya pampu ikisimama tunayo.