Wanataka kufunga mwamba miezi mitatu kwa ajili ya pweza, hii kitu inalipa kweli?

mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Habari zenu wadau. Mie kwetu kusini Unguja ila kwa sasa nipo mjini nahangaika na maisha. Jana mama kanipigia kalalamika mpaka salio likakata, anasema kamati ya uvuvi ya shehia imeitisha mkutano na wanataka kufunga kipande cha mwamba miezi mitatu, hakuna kuchokoa pweza, si kina mama si wazamiaji. Sasa mama yangu bamvua likifika, maji yakitoka sana, lazima ashuke pwani na mchokoo wake, kijiti cha kutolea pweza pangoni. Pweza ndo ada ya wadogo zangu, ndo sukari, ndo kila kitu. Wenye boti wao watajiendea zao mbali hawana presha. Halafu kijijini kuna maneno kwamba ni janja ya mwenye hoteli, wanaanza na hifadhi baadae unakuta ukuta. Nauliza tu kwa mwenye uzoefu, hivi pweza anakua kweli kwa miezi mitatu au wazee wetu wanachezewa akili?

pemba_peremba
Anakua ndugu yangu, tena hiyo si hadithi. Sisi huku Pemba tushafunga zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza mie nilikuwa wa mwanzo kubisha, nikasema hawa watu wa miradi wanatuletea njaa. Siku ya kufungua watu wameshuka alfajiri kama wanakwenda kuswali Idi, watoto, wazee, hata wale ambao mwaka mzima hujawaona pwani. Nilitoa pweza wanne, ndoo haikufunga mfuniko. Sijawahi kutoa pweza wa vile tangu nimeoa.

Ila sasa sikiliza kilichotupata. Habari ilishavuja, wakaja watu wa dago, wale wavuvi wa kuhamahama, na maboti yao kutoka kwengine huko, wengine hata hatuwajui, wakavuna na sisi na mchana ule ule wakaondoka. Na tajiri anaenunua alivyoona pweza wamejaa namna ile kashusha bei hapo hapo mchangani, utamfanya nini na wewe huna barafu? Ukikaa nae mpaka jioni anaharibika. Kwa hiyo tulivua wengi tukauza kwa bei ya kutupa. Mara ya pili tulijifunza, tajiri kaitwa kabla, bei imeandikwa, na mizani ikawa ya kijiji sio yake.

samaki_mbichi
Nilisomea uvuvi kidogo kwa hiyo niongezee hapo kwenye kukua. Pweza wetu huyu wa mwambani maisha yake mafupi sana, mwaka mmoja na kitu hivi basi, na akiwa mdogo uzito unaweza kujirudia mara mbili ndani ya mwezi hivi. Ndo maana kufunga muda mfupi kunafanya kazi kwake, sio kama chewa ambae ukitaka kuona faida usubiri miaka. Jike akishataga anaingia pangoni anaatamia mayai yake, hali kitu, anayapulizia maji mpaka yaanguliwe halafu na yeye anakufa. Sasa jike huyo akichokolewa akiwa juu ya mayai ujue umechukua pweza mmoja umeacha maelfu wafe. Kisheria huku bara hata pweza chini ya nusu kilo hutakiwi kumvua, lakini nani anapima akiwa kwenye maji ya magotini jua linawaka.

Hii mambo ilianza Madagascar, kijiji kinaitwa Andavadoaka kusini magharibi, walifunga kipande kimoja 2004 na walipofungua majirani wakaona wivu wakafunga na wao. Mwaka uliofuata serikali yao ikaweka kabisa wiki sita za kupumzisha pweza, kuanzia katikati ya Disemba mpaka mwisho wa Januari. Hapo hakuna hoteli bro, ni wavuvi tu.

Mzee_wa_Ngalawa
Mnaongea vizuri nyote lakini hamjasema nani analinda usiku. Kwetu walifunga, maboya yakawekwa, bango likapigwa rangi, picha zikapigwa. Wiki ya tatu unaona tochi zinatembea kule mwambani saa nane za usiku. Ukiuliza unaambiwa ni walinzi. Walinzi gani wanatoka na ndoo? Mafuta ya boti ya doria yakiisha na doria imeisha. Huyo bi mkubwa atakaa nyumbani miezi mitatu kwa uaminifu wake na siku ya kufungua atakuta mapango matupu. Mie sipingi kufunga, napinga kufunga kwa mdomo.

kaskazi_imevuma
Salaam kutoka Lamu. Huku kisiwani Pate pia wamefunga sehemu za pweza na kina mama wako mbele kwa hiyo shughuli. Swali langu kwa mwenye uzi, kina mama wako ndani ya hiyo kamati ama wameitwa tu kuja kusikiliza? Maanake mara nyingi wanaume ndio huchora mpaka na wao huzamia kwa maji marefu, sasa utapata wamefunga pale karibu ambapo mama anafika kwa miguu maji yakitoka, wao wamejiachia kule kwao. Muulize mama wanafunga WAPI hasa. Na wahesabu tarehe, wafungue bamvua likiwa kubwa ndio wa kutembea nao wafike, wakifungua na maji mafu, yale yasiyotoka sana, ni zawadi kwa wazamiaji.

mtoto_wa_Bi_Mkubwa
Dah @kaskazi_imevuma umenipa kitu. Nimempigia mama sasa hivi (salio langu this time 😂 maana la kwake bado linauma). Eneo lenyewe ni lile la karibu na kijiji, ndo hilo hilo wanalokwenda yeye na wenzake toka bibi yangu yuko hai. Kule nje kwa wazamiaji hakujaguswa. Na kwenye kamati kuna mama mmoja tu, na huyo hashuki pwani, ana duka.

Nikamwambia basi kataa. Kasema hakatai, pweza kweli wamepungua, zamani ndoo ilikuwa inajaa kabla maji hayajaanza kurudi na siku hizi anarudi na wawili wa kitoweo. Anachotaka wafunge pande mbili, nusu huku kwao nusu kule nje, na tarehe ya kufungua waichague wao kina mama. Mkutano mwengine Jumamosi, anasema safari hii haendi peke yake, keshapita nyumba kwa nyumba.

pemba_peremba
Mwambie na mizani asisahau.

Mzee_wa_Ngalawa
Na tochi 😄