Acheni kujibu "vuta hendibreki" kila mtu akiuliza drifti!

Wakuu, nimevumilia mpaka nimechoka. Kuna dogo kauliza swali la maana kabisa kuhusu drifti, yaani kulitelezesha gari kiubavu kwenye kona. Anacheza Forza Horizon 5, lile gemu la magari, kwenye maeneo ya drifti kona ya kwanza anaingia vizuri, ya pili inayogeukia upande mwingine gari linamzunguka anabaki anatazama alikotoka. Afanyeje?

Majibu aliyopata: "vuta hendibreki", "weka injini ya nguvu za farasi elfu moja", "badili liwe foo-wili" (matairi yote manne yasukume), na bingwa mmoja akamtupia namba ya tarakimu tisa ya kupakua setingi ya gari lake kisha akatokomea. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kidole chake kinachobonyeza mafuta kwenye padi kinafanya nini. Hata mmoja! Hivi mnajibu swali au mnajionyesha?

Hendibreki inafunga matairi ya nyuma. Kitako kinachomoka, sawa, ila na mwendo unakufa hapohapo. Na gemu lile pointi za drifti linazitoa kwa pembe ya gari na mwendo kwa pamoja. Kwa hiyo dogo anavuta, gari linalala kiubavu vizuri kwa picha, anatambaa kona nzima, anaambulia nyota moja kati ya tatu, halafu mnamwambia "endelea kuzoea". Azoee nini? Hendibreki ina kazi yake, kona iliyokunjika sana au pale pua imegoma kuingia. Mnaigawa utadhani panadol.

Farasi elfu ndiyo inaniudhi kuliko zote. Keiichi Tsuchiya, yule Mjapani anayeitwa mfalme wa drifti, gari lililofungamana na jina lake ni Toyota AE86. Injini cc 1600, farasi kama 130 hivi. Hizo ni cc za gari la kupelekea watoto shule, jamani! Na waliowahi kuendesha Mark II Grande lami ikiwa imelowa wananielewa, huhitaji farasi elfu ili kitako kianze kutembea. Ukimpa mtu anayejifunza nguvu zote hizo, kila akigusa mafuta matairi yanawaka, hajui kosa ni lake au la gari.

Foo-wili inaleta nyota, sibishi. Lakini matairi ya mbele ndiyo yanayomvuta kutoka kwenye shida, yeye hajifunzi kitu. Siku akipanda Nissan Silvia ya kusukumwa na matairi ya nyuma anaanza sifuri.

Sasa kilichomkuta dogo, ambacho watu wenye miaka kwenye gemu hili mlishindwa kumwambia. Yuko kwenye kona ya kushoto, gari limelala, usukani kakata kulia kulidhibiti. Kona inaisha, anaachia mafuta YOTE kwa mpigo. Matairi ya nyuma yanashika lami ghafla, uzito wote unahamia upande wa pili, kitako kinarushwa. Stiki yake ya usukani bado iko kulia. Akishtuka anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Hapo lazima lizunguke, hata ungekuwa na setingi ya malaika.

Dawa yake: mafuta yapungue kidogokidogo, yasikatwe. Gari likianza kunyooka, stiki iwe imeshaanza safari ya kwenda kushoto, isisubiri kitako kifike ndipo ikimbizane nacho. Kitako kikishapita katikati, rudisha mafuta taratibu mpaka pembe itulie. RT, kile kitufe cha mafuta cha padi, si swichi ya taa, ina nusu, ina robo, na drifti yote inaishi humo. Ukiongeza, kitako kinafunguka na gari linasogea nje ya kona. Ukipunguza, linajikusanya na kurudi ndani. Dogo akae sehemu ya wazi azungushe duara moja kwa kidole hicho tu, bila kugusa hendibreki, mpaka aweze kulikuza na kulipunguza duara apendavyo. Inachosha, najua, ndiyo maana wengi mnakimbilia namba za setingi.

Halafu trakshen kontroli! Hakuna aliyemuuliza kama kaizima. Ikiwa imewashwa inapunguza nguvu kila matairi yakianza kuteleza, sasa atadrifti vipi wakati gari lenyewe linamkatalia? Izimwe, na ile ya kutuliza gari nayo izimwe. Gia abadili mwenyewe, kona nyingi ya tatu inatosha, maana otomatiki inaweza kupandisha gia katikati ya kona, mzunguko wa injini ukashuka na matairi yakashika.

Na wewe uliyemwambia "bila usukani wa mezani huwezi, nunua kwanza", bei yake umeiona? Mtoto wa watu kaazima padi kwa jirani, unamtuma dukani. Watu kibao wanapiga nyota tatu kwa padi yenye stiki iliyolegea.

Dogo, kama hujakimbia jukwaa, chukua Silvia, usiipandishe farasi kupita kiasi, fanya hayo, ukikwama popote rudi useme. Wenye setingi zenu za tarakimu tisa, anzisheni uzi wenu.