Kozi za mwanzo za uandishi bunifu mtandaoni: ipi inamfaa anayeandika kwa Kiswahili?

Mwalimu_wa_Mafinga

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Mafinga, na ninaomba ushauri kwa waliowahi kusoma kozi za mwanzo za uandishi bunifu mtandaoni. Elimu niliyoipata chuoni ilinifanya mhakiki: ninaweza kumfafanulia mwanafunzi wa kidato cha 5 tofauti kati ya mhusika bapa (asiyebadilika) na mhusika duara (anayebadilika) bila kufungua daftari, lakini sikumbuki kupewa hata zoezi moja la kumuumba mhusika wa aina yoyote. Hadithi zangu fupi huanza vizuri, kisha hugeuka kuwa insha.

Nimezichungulia tatu. Ya kwanza ni ya Open University ya Uingereza, iitwayo Start Writing Fiction, ambayo ni ya bure, imejengwa kwa maandishi zaidi kuliko video, na inakazia kutunza daftari la mwandishi na kujenga wahusika. Ya pili ni mfululizo wa Chuo Kikuu cha Wesleyan cha Marekani kwenye Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, wenye kozi 4 za msuko (mpangilio wa matukio), wahusika, mandhari na mtindo, na ya 5 ambayo ni kazi ya kuhitimisha. Humo wanafunzi husomeana na kutathminiana wao kwa wao. Ya tatu ni mihadhara ya Brandon Sanderson, mwandishi wa riwaya za kinjozi, katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, iliyowekwa YouTube, ambayo haihitaji kujiandikisha popote. Cheti hakinisumbui. Ninachotaka kujua ni ipi inayomlazimisha mtu kuandika, na ipi inamfaa anayeandika kwa Kiswahili na kusoma kwa simu usiku, baada ya kusahihisha madaftari.

Dada_Uyole

Mwalimu, kama kigezo chako ni kulazimishwa kuandika, mfululizo wa Wesleyan unazishinda hizo nyingine mbili. Kila sehemu inaishia na zoezi lenye masharti yake, na huwezi kujificha nyuma ya kusoma, kwa sababu kuna wenzako wanaosubiri kazi yako nawe unasubiri maoni yao. Kutathmini kazi ya mtu mwingine kulinifundisha mengi kuliko video zenyewe, kwa kuwa udhaifu ambao ungejisamehe mwenyewe huoni ugumu kuutambua kwa mwenzako.

Tatizo ni lugha. Ili usomwe, huna budi kuandika kwa Kiingereza, na hapo ndipo nilipokwama. Niliandika tukio la mkamwana wa Kinyakyusa anayeiacha njia na kuingia migombani alipomwona baba mkwe wake akija kutoka upande wa pili. Aliyenisoma alidhani yule mwanamke ana hofu kwa sababu aliwahi kutendewa ubaya, na akanishauri nieleze kosa la mzee huyo. Ilhali kwa desturi ya huko Rungwe mkamwana hujitenga na baba mkwe kwa heshima, na hakuna kosa lolote la kueleza. Kwa hiyo nilipata maoni mengi, lakini nusu yake yalikuwa ya kuhitaji kueleweshwa nchi yetu na hayakuhusu ufundi.

Upande wa malipo, wasiomudu ada wanaweza kuomba msaada wa kifedha kwa kujaza maelezo ya maandishi. Fanya hivyo mapema, maana jibu halitoki siku hiyohiyo.

Mnyalukolo

Dada, ninakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Msomaji wa Tanga au wa Kigoma naye angejiuliza kwa nini mwanamke huyo ameingia migombani, na hadithi yako itauzwa Tanga na Kigoma pia. Maoni yalikuwa na dawa isiyofaa, ila ugonjwa ulikuwepo. Ungeweza kumweka mtoto anayemfuata mama yake, akamwona anashusha kichwa na kushusha sauti, na msomaji angeijua heshima bila kuambiwa neno heshima.

Kwa swali la Mwalimu, mimi ninaitetea kozi ya Open University. Kwanza, inaweza kupakuliwa ikiwa faili la maandishi, ukaisoma bila bando na hata umeme ukiwa umekatika, mradi simu ina chaji. Pili, zoezi lake la daftari halijali lugha: unatakiwa kutazama watu na mahali, ukaandika ulichokiona kabla hujakitafsiri kuwa wazo. Chukua mfano wa stendi ya Makambako alfajiri. Insha itasema, «Kulikuwa na baridi kali na abiria waliteseka.» Mtu aliyeandika daftarini akiwa palepale atasema, «Konda alikuwa amezika viganja vyote viwili makwapani, akawa anawaelekeza abiria kwenye basi kwa kidevu.» Sentensi ya pili haina neno baridi, na baridi imejaa humo. Mwalimu, nadhani hadithi zako zinageuka insha hapo hasa, si kwenye msuko.

Jambo la ziada: katika kozi hiyo kuna waandishi wanaozungumzia jinsi walivyoanza kuandika, na mmojawao ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba ukisoma peke yako hakuna anayekudai kazi.

Parachichi_Njombe

Kuhusu YouTube, mihadhara ya Sanderson ni mirefu, na mmoja tu unaweza kumaliza bando la wiki kwa mtu asiye mwangalifu. Punguza ubora wa picha hadi kiwango cha chini kabisa; anachokifanya zaidi ni kusimama na kuzungumza, hivyo hupotezi mengi.

Kijana_wa_Tukuyu

Shikamoo Mwalimu. Mimi ndiye niliyefaidika na hiyo mihadhara, pengine kwa sababu ninaandika hadithi za miujiza zinazohusu Ziwa Ngosi, na darasa lake limelengwa hasa kwa waandishi wa hadithi za kisayansi na za kinjozi. Anafundisha msuko kwa kuutazama kama ahadi anayopewa msomaji mwanzoni, hatua zinazomwonyesha kwamba ahadi inasogea, na malipo mwishoni. Ana pia kanuni yake kwamba uwezo wa mwandishi kutatua mgogoro kwa kutumia uchawi unategemea kiasi ambacho msomaji ameuelewa uchawi huo. Hadithi nyingi tunazosimuliana huku zinavunja kanuni hiyo kwa mganga anayetokea ukurasa wa mwisho. Hata hivyo, kwa hadithi fupi za maisha ya kawaida sidhani kama ungeanzia hapo, Mwalimu.

Mwalimu_wa_Mafinga

Marahaba, na ninawashukuru nyote. Nitaanza na ile ya Open University kwa sababu ya kupakua na kwa sababu ya daftari, na ya Wesleyan nitaiacha hadi likizo ya Desemba. Linalobaki ni hilo la kutodaiwa kazi. Je, kuna walio tayari tuwe kikundi kidogo cha watu wanne au watano, kila mmoja akifanya zoezi lilelile kwa Kiswahili na kulituma kila Jumapili jioni?

Dada_Uyole

Nipo. Ninapendekeza tuige utaratibu mmoja wa Wesleyan: anayetoa maoni aonyeshe sentensi mahususi, asiishie kusema «hongera, imenigusa». Na tarehe ya mwisho ya kukamilisha hadithi tusiibuni wenyewe. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutangaza siku ya mwisho ya kupokea miswada. Tukilifuata tangazo hilo tutakuwa na mdai asiyebembelezeka.

Mnyalukolo

Nami nimo, kwa sharti kwamba kazi zitumwe zikiwa maandishi ya kawaida na si picha za kurasa za daftari, maana mwandiko wa walimu ninaufahamu.